Basi Linalolala Mwisho wa Barabara

Portland, Maine
4 Septemba 2022

Kwa Shangazi Léontine,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba paka wako bado anamnyang'anya Baba kiti kila anapokuja kwako kunywa kahawa. Sisi huku hatujambo. Corinne amerudi kazini hospitalini. Odette ametimiza miaka minne, na humwambia kila anayekutana naye kwamba shangazi wa baba yake anaendesha basi refu kuliko nyumba yetu. Sikumsahihisha, kwa kuwa ni kweli.

Ninakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu uliniambia zamani kwamba simu ni ya kutangaza theluji na misiba, na jambo hili si theluji wala msiba. Unajua kwamba shirika langu huzisaidia wilaya za shule kuacha mabasi ya dizeli na kuchukua ya umeme. Tunapima njia zao, tunachagua mabasi na chaja zinazofaa, kisha tunawaandalia maombi ya ruzuku kutoka mfuko wa serikali kuu. Hadi sasa nimeshughulikia wilaya sita, zote za huku kusini. Wiki iliyopita mkuu wangu aliniwekea faili mezani. Juu yake palikuwa na jina la wilaya yetu.

Shangazi, nililitazama faili hilo mpaka kahawa yangu ikapoa.

Bodi ya shule imeomba mpango wa mabasi yote tisa, manne yakiwa ya kwanza. Tafadhali niandikie maili za njia yako, na uwaombe madereva wengine wafanye hivyo. Wewe wanakusikiliza. Mimi bado wananikumbuka kwa yale yaliyotokea kwenye kona ya daraja nilipokuwa darasa la pili.

Mpwa wako,
Rémi


Saint-Amable
9 Oktoba 2022

Rémi,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe saba Septemba. Sikuijibu mapema kwa sababu shule zilifungwa kwa mavuno ya viazi, na unajua, au ulikuwa unajua, kwamba mavuno hayanipi mimi likizo. Kila asubuhi niliwapeleka watoto wakubwa mashambani na kila jioni niliwarudisha wakiwa na udongo mpaka masikioni. Viazi vya mwaka huu ni vizuri. Baba yako ameumia goti kwa kupanda trekta aliyokatazwa kuipanda. Anasema goti lenyewe lilikuwa la zamani. Nimemwambia kwamba yeye pia ni wa zamani. Mwandikie.

Njia Namba Sita ni maili thelathini na moja asubuhi na maili thelathini na moja alasiri. Nimezipima mwenyewe kwa siku tatu tofauti. Maili za wengine zimo katika karatasi ya pili. Waliandika kwa penseli. Nimenakili kwa kalamu.

Niliisoma barua yako karakanani mbele ya madereva. Aurèle, fundi wetu, alisema betri itakufa kabla ya Krismasi na yeye atalazimika kulivuta basi lako kwa farasi. Mwingine akauliza kama aliyetapikia viatu vya dereva ndiye anayetaka kutufundisha habari za mabasi. Nilimjibu kwamba viatu vilikuwa vyangu na vilisafishika.

Sasa nisikilize. Mimi ninaishi mwisho wa Barabara ya Nyuma, maili ishirini na mbili kutoka shuleni, na njia yangu ina watoto kumi na mmoja. Mwaka 2009 bodi ilitaka kuifuta, ili wazazi wawalete watoto wenyewe hadi barabara kuu. Tuliwashinda kwa kura nne. Tangu hapo, kila kinapokuja kitu kipya, mtu fulani huitazama ramani na kusema kwamba njia hiyo ni ndefu mno. Ikiwa mpango wako unaifuta, usiutume kwa posta. Njoo unisomee jikoni kwangu, ukinitazama.

Tena usituletee mpango uliopimwa juani. Lete basi hapa Februari.

Shangazi yako,
Léontine Saucier


Portland
30 Oktoba 2022

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na asante kwa namba zilizonakiliwa kwa kalamu. Nimemwandikia Baba. Amenijibu kwa kadi yenye picha ya samaki na maneno matatu: "Goti ni zima." Odette ameanza shule ya watoto wadogo na amegoma kuvua koti lake la njano. Anasema ni sare ya basi.

Ndani ya bahasha utaukuta mpango wenyewe. Usiogope urefu wake. Njia Namba Sita imo, na imo katika yale mabasi manne ya kwanza, si mwishoni. Basi tulilolichagua huenda maili mia moja na ishirini wakati wa joto na kama sabini na tano kwenye baridi kali, na wewe unahitaji sitini na mbili tu. Chaja zote zitawekwa pamoja karakanani, nyuma ya shule. Ukurasa wa tisa ndio unaobeba kila kitu, na nauonea fahari kuliko yote niliyowahi kuandika hapa.

Kura ya wananchi itapigwa mwezi Machi, na maombi yatafungwa tarehe kumi na tano Aprili. Ofisini kuna mazungumzo kuhusu njia ndefu kwa jumla, lakini hayo niachie mimi.

Nimeomba basi la majaribio kwa wiki moja ya Februari. Mkuu wangu aliuliza kwa nini tuchague mwezi mbaya kuliko yote. Nilimjibu kwamba wilaya yenyewe ndiyo iliyotaka.

Mpwa wako,
Rémi


Saint-Amable
1 Desemba 2022

Rémi,

Hatujambo. Baba yako anatembea kwa fimbo na analalamika kuhusu fimbo.

Nimeusoma mpango wako mara mbili, kurasa zote arobaini na mbili. Umeandikwa vizuri. Hesabu zako zimenyooka.

Soma tena ukurasa wa tisa.

Leo asubuhi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Saa kumi na moja kasorobo nilitoka na tochi, nikachomoa waya wa hita inayoipasha injini moto usiku kucha kwenye soketi iliyo chini ya dirisha la jikoni, nikauzungusha kwenye ndoano yake, na basi likawaka mara moja. Nimekuandikia habari hiyo kwa makusudi.

Léontine Saucier


Portland
9 Desemba 2022

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sote tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye sijalala vizuri tangu barua yako ilipofika.

Niliusoma ukurasa wa tisa mara nne nisione kitu. Kisha nikairudia ile aya yako ya waya, nikaona. Ukurasa wa tisa unasema kwamba mabasi yote tisa hulala karakanani.

Mabasi mawili tu hulala karakanani. Saba hulala kwa madereva. Lako hulala chini ya dirisha la jikoni lako, hatua sitini kutoka kitanda nilicholalia utoto wangu wote, nalo ndilo lililoniamsha kila asubuhi. Fomu iliuliza mabasi hulala wapi na ikaacha mstari mmoja wa kujibu. Niliandika anwani ya karakana bila hata kuinua kalamu. Mgeni angeuliza. Mimi sikuuliza, kwa kuwa nilidhani ninajua.

Na kosa si dogo. Njia yako ni maili sitini na mbili kwa sababu inaanzia na kuishia nyumbani kwako. Basi likilala karakanani, litakuja kwako tupu alfajiri na kurudi tupu jioni, maili ishirini na mbili kila mara. Jumla ni maili mia moja na sita. Kwenye baridi basi hilo linaweza sabini na tano, na chaja tulizochagua hulijaza usiku kucha, si kwa saa chache za mchana. Ina maana kwamba mpango wangu unaiua Njia Namba Sita, na mimi ndiye niliyeutuma kwa posta.

Nimejaribu kuziweka chaja nyumbani kwa madereva. Mfuko hauruhusu. Chaja lazima iwekwe kwenye ardhi iliyo mikononi mwa wilaya, na uwanja wako ni wako. Nimebaki na njia moja, nayo ni kukuuliza. Wewe uliliona kosa hili tangu mwanzo. Kwa nini hukuniambia?

Rémi


Saint-Amable
2 Januari 2023

Rémi,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Corinne na kwa mtoto. Tulikula pai za nyama kwa baba yako. Nilitengeneza tano kwa kuwa nilidhani mtakuja. Theluji ilipofunga barabara niligawa mbili kwa Josette Dumais, yule binti anayepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Unamkumbuka. Siku hizi ndiye dereva wa akiba.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Nilitaka kujua kama bado unakaa huku kidogo au umehama kabisa. Ungekosa kuona mwenyewe, ningekuambia Krismasi. Umeona. Yatosha.

Sasa kuhusu ardhi. Baba yangu, babu yako Hector, ndiye dereva wa kwanza wa njia hii. Mwaka 1974 watu wa bima waliiambia wilaya kwamba basi haliwezi kulala kwenye ardhi ya mtu binafsi. Badala ya kuyakusanya mabasi mjini, wilaya ilikodi kwa kila dereva kipande cha uwanja wake, futi kumi na mbili kwa futi arobaini na tano, kwa dola moja kwa mwaka. Kwa hiyo ardhi iliyo chini ya basi langu imekuwa mikononi mwa wilaya kwa miaka arobaini na tisa. Hakuna anayeikumbuka kwa sababu hakuna aliyewahi kugombana juu yake. Mkataba wa baba, ambao nami nilitia sahihi chini yake nilipomrithi usukani, umo ndani ya kopo lake la tumbaku. Nimekutumia nakala.

Nimezizungukia nyumba za madereva moja moja. Madereva watano wana mikataba yao. Wa sita aliukuta wake ukiwa umeshikilia mguu wa meza usicheze. Wa saba hakuukuta, lakini wilaya inao kwenye kabati. Aurèle alinishikia mwisho wa utepe tulipopima viwanja vyote upya. Bado anasema habari za farasi, ila alikuja bila kuitwa.

Usome mkataba mpaka mwisho. Kifungu cha sita kinasema kwamba ukodishaji unakufa dereva anapoacha kazi. Andika mpya usiokufa hivyo. Usiniulize sababu. Fanya haraka.

Shangazi yako,
Léontine Saucier


Portland
19 Februari 2023

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nilirudi salama kutoka kwako, ingawa gari liliteleza mara mbili kabla ya Bangor. Odette ameipenda ile kofia uliyomfumia. Chupa ya sharubati ya utomvu wa mti wa maple ilivunjika ndani ya begi, na sasa mpango wa wilaya una harufu nzuri kuliko mipango yote ofisini.

Nakala ya babu imekubaliwa. Mwanasheria wa mfuko aliisoma, akacheka, kisha akaisoma tena bila kucheka. Ukurasa wa tisa nimeuandika upya kuanzia neno la kwanza.

Kuhusu wiki ya majaribio, matokeo yanapita nilivyotumaini. Siku ya Jumatano ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Basi lililala uwanjani kwako, likaenda maili zote sitini na mbili na hita ikiwaka, likarudi na chaji asilimia kumi na nane. Aurèle alizunguka akilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwishowe alisema, "Sawa, farasi apumzike."

Lakini kuna lililonichoma, na ni afadhali niliandike kuliko kukaa nalo. Jumatatu ile, mbele ya wajumbe watatu wa bodi, nilikupa ufunguo. Ulisema, "Mpe Josette," ukaingia ndani na kufunga mlango. Wiki nzima hukulipanda. Hukusogea hata dirishani. Baba ananiambia kwamba tangu mwanzoni mwa mwezi huu hujaendesha hata basi lako la zamani, na kwamba dukani watu wanasema Léontine ameacha usukani kwa hasira ya mpango wa mpwa wake. Wanasema kama shangazi yake mwenyewe halitaki, kwa nini wao walipigie kura.

Kama kuna kasoro niliyoikosa, niambie sasa. Kama ni mimi niliyekukosea, niambie pia. Bado mwezi mmoja tu.

Rémi


Saint-Amable
26 Februari 2023

Rémi,

Baba yako ameiacha fimbo. Imekuwa ya paka kuchezea.

Basi lako halina kasoro. Wewe hukunikosea. Sababu yangu ni yangu hadi siku ya mkutano.

Je, mkataba mpya umekamilika? Utume.

Léontine Saucier


Saint-Amable
23 Machi 2023

Rémi,

Salamu kwenu nyote. Nimesikia kwamba dhoruba ilikurudisha ukiwa nusu ya njia, na ulifanya vizuri kurudi. Hakuna kura inayostahili gari mtaroni.

Mkutano ulifanyika Jumanne katika ukumbi wa mazoezi ya shule. Walikuja watu mia mbili na sita, na viti vilipokwisha wengine waliketi kwenye mikeka ya kurukia. Umeshapata matokeo kwa simu. Ninakuandikia kwa sababu katibu aliyaandika maneno yangu vibaya, na sitaki uyasome kwake.

Mwenyekiti alipofungua mjadala, mkulima mmoja wa viazi alisimama akasema kwamba basi la kuchomeka ukutani ni kitu cha watu wa mjini. Akaongeza kwamba hata Léontine Saucier amelikimbia. Watu walinigeukia. Niliomba nafasi, nikaenda mbele.

Nilisema hivi: "Tarehe tatu Februari daktari alinipima macho. Jicho langu la kushoto halioni tena pembeni. Hakutia sahihi cheti changu cha udereva, na ni haki yake. Tangu saa ile sina ruhusa ya kuendesha basi la watoto hata hatua moja, liwe la dizeli au la umeme. Nilimweleza msimamizi wa usafiri siku hiyohiyo, naye Josette akashika njia yangu. Mpwa wangu aliponipa ufunguo nilimkatalia kwa sababu sheria ni sheria. Sikulikimbia basi. Nililitamani."

Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa sijamaliza.

"Niliwaficha kwa sababu mkataba wa uwanja wangu ulikuwa unakufa mimi nikiacha kazi, na nilijua nani angeitazama ramani kesho yake. Nilihitaji mkataba mpya kwanza. Huu hapa, umetiwa sahihi leo asubuhi. Unasema kwamba basi la Njia Namba Sita litalala kwangu maadamu kuna mtoto wa shule anayeishi kwenye Barabara ya Nyuma, niwe hai au niwe nimekufa, na aliendeshe nani aliendeshe. Na wewe unayesema habari za kuchomeka ukutani, nimechomeka basi ukutani kila usiku wa baridi kwa miaka thelathini na tisa. Baba yangu alilichomeka kabla yangu. Ulipanda basi hilo miaka kumi na miwili na hukuchelewa shule hata siku moja. Tofauti ni kwamba lile la zamani lilikuwa linauota umeme tu. Hili litaula."

Katibu ameandika kwamba nilisema basi "litakula". Hakuandika litakula nini, kana kwamba ninafuga nguruwe.

Kisha tukainua kadi za njano. Mia moja na sabini na moja waliunga mkono. Yule mkulima aliinua yake. Baadaye alinijia akasema, "Bi. Léontine, hukuwa na haja ya kuwataja watu wanaochelewa." Nilimwambia kwamba nilitaja wasiochelewa.

Ungekuwapo, nisingeweza kusema yote hayo bila kukutazama, na nisingeyamaliza. Kwa hiyo dhoruba ilikuwa na manufaa yake.

Usiniandikie habari za pole. Jicho la kulia ni zima na barua ninazisoma.

Shangazi yako,
Léontine Saucier


Portland
2 Aprili 2023

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sitaandika pole. Nimeifuta mara mbili.

Barua yako niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, kisha nikamsomea Corinne, kisha Odette akataka asomewe pale penye nguruwe. Nimemwambia Baba kwamba alikuwa anajua kuhusu jicho na hakuniambia. Amesema kwamba uliapa kumfungia mlango wa kahawa. Nimemsamehe.

Kwa kuwa umesema lako, na mimi niseme langu. Mwezi Oktoba, kabla sijakutumia mpango, mkuu wangu aliniagiza niiondoe Njia Namba Sita katika maombi. Njia fupi huzipa hesabu sura nzuri, na maombi yenye sura nzuri hupita. Desemba, nilipogundua kosa langu, aliagiza tena, na safari hii alikuwa na haki ya kuagiza. Nilimwambia kwamba mpango usiofika mwisho wa barabara si mpango, na kwamba kama njia hiyo inatoka, jina langu nalo litoke. Alinipa hadi mwisho wa Januari nipate ardhi. Barua yako ya kopo la tumbaku ilifika tarehe kumi na moja. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu mezani. Sikukuandikia kwa sababu ungeniambia nisimame wima, na nilikuwa nimesimama wima tayari.

Juzi mkuu wangu aliusambaza mkataba wa babu kwa wenzangu wote. Sasa fomu yetu inauliza kila basi hulala wapi, moja moja, na ina mistari ya kutosha. Wilaya nne za kaskazini zimegundua kwamba nazo zina vipande vya futi kumi na mbili kwa arobaini na tano.

Tunatuma maombi wiki ijayo. Yakipita, mabasi yatachukua zaidi ya mwaka kutengenezwa. Lile la kwanza litakapofika, naomba ulipande. Kupanda hakuhitaji sahihi ya daktari.

Mpwa wako,
Rémi


Saint-Amable
23 Agosti 2024

Rémi,

Natumaini hamjambo, na kwamba mtoto mchanga anaanza kulala usiku. Baba yako amebandika picha yake kwenye kioo cha trekta, mahali ambapo haoni barabara. Nimeihamisha.

Mabasi manne yalifika Julai, kama unavyojua, na chaja ya kwangu imefungwa ukutani chini ya dirisha la jikoni, mahali palepale palipokuwa na soketi. Nilimwambia fundi umeme aache ndoano ya zamani. Aliuliza ya nini. Nilimwambia aiache.

Shule zilifunguliwa jana. Saa kumi na moja kasorobo nilikuwa nje. Nilichomoa waya mwenyewe, nikauzungusha kwenye ndoano, Josette akashika usukani. Mimi nilipanda. Kwa miaka thelathini na tisa sikuwahi kuketi kwenye kiti cha abiria cha basi lolote la wilaya hii, na sikujua mikono niiweke wapi. Niliketi kiti cha tatu kulia, kile ulichokuwa ukikaa wewe, na nilivaa viatu vya zamani kwa tahadhari.

Sasa nikupe habari ya aibu, uiandike katika mpango wako unaofuata. Tulifika kwenye nyumba ya kwanza, hakuna mtoto. Nyumba ya pili, hakuna mtoto. Josette alinitazama kwenye kioo akasema, "Shangazi, wamehama wote?" Ndipo nilipoelewa. Tangu enzi za baba yangu hakuna mtu kwenye Barabara ya Nyuma anayetazama saa. Watu husikiliza. Injini ikianza kupanda kilima, mama humvisha mtoto koti; ikibadilisha gia penye kanisa, mtoto hutoka. Jana hakukuwa na kitu cha kusikia. Wiki ile ya majaribio lilipita tupu, baada ya basi la zamani kuwachukua watoto, kwa hiyo hatukugundua. Tulipiga honi kila mlango. Watoto walitoka na mkate mdomoni, mmoja kavaa kiatu kimoja, na yule mkulima wa viazi akaja mbio na mjukuu wake begani. Tulichelewa dakika tisa. Ni mara ya kwanza kwa njia hii kuchelewa bila theluji, nami nilikuwa ndani yake. Leo wote walikuwa nje wakingoja. Josette ameweka kengele ndogo ya ng'ombe mlangoni, aliyoipata kwa Aurèle, ambaye anasema hakuwa na farasi wa kuivalisha.

Ila baada ya nyumba ya mwisho, Rémi, ulinijia ukimya ambao sikuujua. Watoto walikuwa wanazungumza na niliwasikia. Miaka yote ile niliwaona vichwa tu kwenye kioo, na midomo ikicheza. Mmoja anajua majina ya mito yote ya jimbo. Mwingine anamwogopa mwalimu wa hesabu. Sikuwahi kujua.

Nililia kidogo kwenye kona ya daraja. Nilikuwa na haki, kwa kuwa wewe ulifanya makubwa zaidi palepale.

Mpango wako nimeutunza. Ukurasa wa tisa, ule wa pili, nimeukunja na kuuweka ndani ya kopo pamoja na mkataba wa babu yako. Ule wa kwanza nimeuwekea mguu wa meza. Kopo limejaa sasa na sitatia kitu kingine.

Mlete Odette Oktoba, baada ya mavuno. Nimelipima basi jipya kwa utepe. Mwambie kwamba bado ni refu kuliko nyumba yenu.

Shangazi yako,
Léontine Saucier